Hukumu ya Kipindi cha Kwanza: Mtazamaji wa Tamthilia za Uhalifu na Mahakama kama Mhakiki wa Fasihi

Utangulizi

Msimu mpya wa tamthilia ya uhalifu au ya mahakama unapoanza kuonyeshwa katika runinga, wanafunzi wa kutwa huja shuleni siku ya pili wakiwa wameshakata kauli. Huyu ndiye muuaji. Wakili yule ni mwongo. Msimu huu hauna ladha kama uliopita. Polisi wetu hawafanyi kazi namna ile. Mwalimu wa Kiswahili anayefunza Migori, Awendo, Homa Bay au Mbita ameyazoea maneno haya, na aghalabu huyanyamazisha ili kipindi cha fasihi kianze.

Makala haya yanashikilia kwamba maneno hayo ni uhakiki, japo ni uhakiki ambao haujaiva. Mwanafunzi aliyetoa kauli kuhusu mhusika baada ya kumtazama kwa saa moja amefanya kazi ileile anayotakiwa kuifanya katika karatasi ya fasihi, 102/3. Tatizo ni kwamba ametoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi, na tabia hiyo huhama naye kutoka sebuleni hadi kwenye chumba cha mtihani. Tutaeleza kwanza kazi ya kipindi cha kwanza katika tamthilia hizi, kisha aina za itikio la watazamaji, halafu namna mwalimu na mtahiniwa wanavyoweza kuligeuza itikio hilo kuwa hoja yenye uthibitisho.

Tamthilia hizi katika runinga yetu

Mtazamaji wa Kenya hakuanza jana kuketi mbele ya mahakama ya runinga. Vioja Mahakamani ilikuwapo tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla ya shirika hilo kuwa KBC mwaka wa 1989. Muundo wake ulikuwa mwepesi: mshtakiwa anasomewa shtaka, mashahidi wanaitwa, kiongozi wa mashtaka anahoji, hakimu anaamua. Wahusika kama Ondiek Nyuka Kwota walitambuliwa kwa lafudhi, mavazi na vituko kabla hawajamaliza sentensi ya kwanza. Katika Inspekta Mwala, Davis Mwabili aliigiza askari ambaye mtazamaji alimcheka na wakati uo huo akamtambua. Mwezi wa Februari 2021 ikaja Crime and Justice kwenye Showmax, ambamo Sarah Hassan na Alfred Munyua waliigiza wapelelezi wawili wa Nairobi wakishughulikia kesi zilizochochewa na habari zilizowahi kuvuma nchini. Kwa upande wa tamthilia za kigeni, Law & Order ilianza Marekani mwaka wa 1990 na CSI mwaka wa 2000, nazo zilisambaa duniani kote.

Kuna tofauti hapa ambayo mwanafunzi aielewe. Katika Vioja Mahakamani kila juma lilikuwa na kesi yake, na kesi iliisha siku hiyohiyo. Mtazamaji aliyekosa majuma matatu hakupoteza kitu. Tamthilia inayogawika katika misimu hubeba pia visa vinavyoendelea: ndoa ya mpelelezi, uadui wa wakubwa wake, jeraha la zamani. Ndiyo maana kipindi cha kwanza cha msimu huzua mjadala mkubwa kuliko vingine. Humkumbusha mtazamaji alipoachwa na kumwahidi anakopelekwa.

Kazi ya kipindi cha kwanza

Kipindi cha kwanza cha msimu hufanya kazi ya onyesho la kwanza la tamthilia. Kinajenga mandhari, kinaingiza wahusika, kinachokoza mgogoro na kumwachia mtazamaji swali. Zaidi ya hayo, kinaweka mapatano kati ya kazi na hadhira yake. Mhakiki Mjerumani Hans Robert Jauss, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyaita mambo anayokuja nayo msomaji upeo wa matarajio. Msomaji hafungui kitabu akiwa mtupu. Anakuja na vitabu alivyosoma, desturi alizolelewa nazo na habari alizosikia, na kazi mpya huutimiza upeo huo, huuvunja au huupanua.

Mtazamaji wa Kendu Bay aliyelelewa na masimulizi ya Simbi Nyaima ana upeo wake. Masimulizi hayo yanaeleza jinsi bibi kizee alivyofika usiku katika kijiji kilichokuwa na sherehe, akafukuzwa, akapokelewa na mwanamke mmoja tu, na jinsi mvua ilivyonyesha kijiji kikazama na kuwa ziwa. Hiyo ni hadithi ya kosa na adhabu. Aliyeikulia hutarajia kwamba mwenye kiburi ataanguka na mkarimu ataokoka. Akikutana na tamthilia ambamo tajiri mwenye hatia anatoka mahakamani akicheka, hukasirika. Hasira hiyo ina asili yake, nayo yafaa ijadiliwe darasani badala ya kupuuzwa.

Aina nne za itikio

Mwalimu akiwasikiliza watazamaji wa kipindi cha kwanza kwa makini, atagundua kwamba kauli zao nyingi huangukia makundi manne.

1. Itikio la kuhukumu. Mtazamaji anamtaja mwenye hatia mara moja. Akiulizwa sababu atasema, "Anaonekana tu." Kwa hakika kuna jambo limemwonyesha: muziki uliobadilika mhusika alipoingia, kamera iliyotulia juu ya mikono yake, mavazi yake, jinsi alivyojibu swali kwa swali. Hizi ni mbinu za kusawiri wahusika. Katika tamthilia iliyoandikwa, nafasi ya muziki na kamera huchukuliwa na maelekezo ya jukwaani, mazungumzo, majina ya kimajazi na yale ambayo wahusika wengine husema juu ya mhusika. Itikio hili likipata swali la pili, yaani "Umejuaje?", huwa mwanzo wa jibu zuri kuhusu sifa za mhusika.

2. Itikio la kulinganisha. Mtazamaji anasema kuwa msimu mpya umeharibika, kwamba mpelelezi aliyependwa ameondolewa, au kwamba mtu aliyekuwa mpole sasa ni mkali bila sababu. Hapa anazungumzia ukuaji wa mhusika, mshikamano wa msuko na uaminifu wa mwandishi kwa kazi yake. Mhusika bapa habadiliki, na hatulalamiki asipobadilika. Mhusika duara hubadilika, lakini tunadai sababu ya mabadiliko hayo. Mtahiniwa anayeweza kueleza kwa nini hakuridhika na mabadiliko ya mpelelezi wa runinga anaweza pia kueleza kama mabadiliko ya mhusika wa riwaya teule yanaaminika.

3. Itikio la kupima ukweli. Mtazamaji anasema, "Kwetu mahakama haiko hivyo." Mara nyingi ana haki. Katika tamthilia za Marekani, jopo la raia ndilo huamua kama mshtakiwa ana hatia. Kenya haina jopo la aina hiyo, na utaratibu wa wazee wa baraza waliomshauri jaji katika kesi za mauaji ulifutwa mwaka wa 2007. Mtu aliyewahi kuketi katika Mahakama ya Homa Bay au ya Migori anajua mambo mengine ambayo runinga huyaruka. Shahidi huweza kutoa ushahidi kwa Kijaluo au Kikuria, mkalimani akaufasiri sentensi kwa sentensi. Kesi huahirishwa, na shahidi aliyesafiri kutoka mbali hurudi nyumbani bila kusikilizwa. Sampuli za uchunguzi hazijibiwi kabla ya tangazo la biashara kwisha. Maabara za Mkemia Mkuu wa Serikali ziko Nairobi, Mombasa na Kisumu, na sampuli ya Migori haina budi kusafiri. Katika Marekani kwenyewe, baada ya CSI kupata umaarufu, mawakili walianza kulalamika kwamba raia wanaoitwa kuamua kesi walitarajia vithibitisho vya kimaabara kama walivyoviona kwenye runinga.

Itikio hili humfunza mwanafunzi tofauti kati ya uhalisi na uhalisia. Uhalisi ni mambo yalivyo. Uhalisia ni namna ya kisanaa ya kuyasawiri mambo ili yaaminike. Msanii ana ruhusa ya kufupisha miezi minane iwe dakika arubaini. Swali la kihakiki ni kama ufupisho huo umesaidia dhamira au umeipotosha.

4. Itikio la kusubiri. Mtazamaji anasema, "Sijui bado, lakini kuna jambo wametuficha." Huyu huonekana hana la kusema. Kumbe ndiye aliyekaribia zaidi kazi ya mhakiki, kwa sababu ameona pengo lililoachwa makusudi. Wolfgang Iser, mwenzake Jauss, alisisitiza kwamba msomaji hushiriki kuijenga maana kwa kuyajaza mapengo ya matini. Mwalimu amtie moyo mwanafunzi huyu alitaje pengo lenyewe: ni nani hatujamwona, ni saa ipi haijaelezwa, ni swali gani halikujibiwa.

Taharuki si moja

Watahiniwa wengi hufafanua taharuki kuwa ni hali ya kumfanya msomaji atake kujua kitakachofuata, kisha wakaishia hapo. Ufafanuzi huo ni sahihi, ila hautoshi. Tamthilia za uhalifu na mahakama hutuonyesha kwamba kuna taharuki za aina tatu, na kila moja huzaa itikio lake.

Ya kwanza ni taharuki ya nani. Kosa limetendeka na mtendaji hajulikani. Huu ndio msingi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili tangu Mohamed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka wa 1960 na kumtambulisha Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na subira. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka wa 1965. Katika kazi za namna hii msomaji hushindana na mpelelezi, na anayehukumu mapema huadhibiwa na mwandishi, kwa maana dalili za mwanzo huweza kuwa za kupotosha.

Ya pili ni taharuki ya vipi. Mkosaji anajulikana tangu mwanzo, na tunachongoja ni jinsi atakavyonaswa. Tamthilia ya Marekani iitwayo Columbo, ambayo misimu yake ilianza mwaka wa 1971, ilikuwa na desturi ya kumwonyesha mtazamaji mauaji na muuaji kabla mpelelezi hajafika. Simbi Nyaima nayo ni ya kundi hili. Msikilizaji wa Kendu Bay analijua ziwa. Matokeo yako mbele ya macho yake kabla msimulizi hajafungua kinywa. Hangoji kujua kama kijiji kitazama. Anangoja kuona walivyojizamisha. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyochapishwa mwaka wa 2001, inachanganya aina hizi mbili. Anwani inatutangazia kifo na mahali pake kabla hatujamwona mhusika yeyote, lakini haitaji atakayekufa wala atakayeua. Msomaji anayetazama upande wa mtawala Bokono peke yake hushtuka anapogundua kwamba mkono uliomuua Mwelusi ni wa ndugu yake, Gege.

Ya tatu ni taharuki ya haki. Mtuhumiwa anajulikana, ushahidi unajulikana, na bado hatujui mahakama itaamua nini. Hii ndiyo taharuki ya tamthilia za mahakama. Hapa swali si nani alitenda, bali kama ukweli unaweza kuthibitishwa, na kama wenye nguvu wataruhusu uthibitishwe.

Mfano kutoka Kigogo

Tuchukue Kigogo ya Pauline Kea, iliyochapishwa mwaka wa 2015 na baadaye ikawa kitabu teule. Inaanza katika karakana ya soko la Chapakazi, ambapo Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago vya sherehe za uhuru wa Sagamoyo. Kenga anawaletea keki. Sudi anaikataa. Mwanafunzi anayesoma sehemu hii kwa jicho la mtazamaji wa kipindi cha kwanza huandika haraka: Sudi ni jasiri, Boza ni mwoga.

Hukumu hiyo si ya uongo, lakini haijathibitishwa. Kukataa kipande cha keki ni jambo dogo, na mtu huweza kulikataa kwa kiburi tu. Ushahidi wa ujasiri wa Sudi hujengwa na yanayofuata. Anaahidiwa ujira ili achonge kinyago anachokitaka Majoka, naye hakubali. Mkewe, Ashua, anafungwa na kutumiwa kama chambo, na bado hakubali. Kila mara gharama inapanda na jibu linabaki lilelile. Mtahiniwa anayetaja keki pekee ana dalili. Anayefuatilia kupanda kwa gharama ana uthibitisho.

Boza naye hatukwi jina la woga likaisha. Tunafahamu kwamba mkewe, Asiya, ndiye aliyepewa kandarasi ya kuoka keki hizo. Basi keki iliyoletwa karakana inabeba maana nyingine: ni riziki ya nyumba yake na ni kinaya juu ya uhuru unaosherehekewa. Msomaji akirudi kulisoma onyesho la kwanza akiwa na habari hii, analiona upya, kama hakimu anavyourudia ushahidi wa shahidi wa kwanza baada ya kumsikia wa tano.

Kuhusu taharuki, Kigogo ni kazi ya vipi na ya haki. Hatuulizi ni nani anayeidhulumu Sagamoyo. Majoka na Kenga wanayapanga mambo yao mbele yetu. Kuhusu kifo cha Jabali, mpinzani wa Majoka, tunaambiwa kupitia maneno ya wahusika, nasi tunajua yale ambayo raia wengi hawana namna ya kuyathibitisha. Tofauti hiyo kati ya anachokijua msomaji na wanachokijua wahusika ndiyo kinaya cha kidrama, na ndiyo humfanya mtazamaji wa runinga apige kelele, "Usiingie humo!" Kelele hiyo, ikiandikwa kwa utulivu, ni jibu la mtihani.

Gharama ya hukumu ya haraka

Kwa mtahiniwa, gharama ni alama. Jibu linalotaja sifa bila kuonyesha mhusika alilofanya, alilosema na aliloambiwa halimridhishi mtahini. Katika swali la dondoo, anayeharakisha huweka maneno katika kinywa cha mtu mwingine au hueleza muktadha wa onyesho tofauti.

Gharama nyingine iko nje ya darasa. Mtu anapopigiwa kelele ya "Mwizi!" sokoni, umati hufanya kazi ya mtazamaji wa kipindi cha kwanza. Sura yake inatosha, mbio zake zinatosha, na anayeuliza "Umejuaje?" huonekana mshirika wake. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia hadi itakapothibitishwa vinginevyo, na haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha ya mahakama. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba kauli juu ya mtu haina thamani bila ushahidi amefunzwa fasihi na uraia kwa pamoja. Wahenga waliposema kuwa haraka haraka haina baraka, hawakuwa wakizungumzia mwendo wa miguu peke yake.

Swali la aliyetuambia lina uzito maalum. Katika vibanda vya video vya miji yetu, filamu za kigeni mara nyingi huonyeshwa zikiwa na sauti ya mfasiri kama DJ Afro, anayeeleza kisa kwa Kiswahili na Sheng na kumtangaza shujaa mapema. Hadhira hucheka na kufurahi, lakini pia hupokea hukumu iliyotengenezwa tayari. Msimulizi wa riwaya huweza kufanya vivyo hivyo. Mwanafunzi ajifunze kutenganisha alichokiona na alichoelekezwa kukiona.

Zoezi la darasani

Zoezi lifuatalo halihitaji umeme wala runinga. Si kila nyumba ya Suba au Kuria ina chombo hicho, na mwanafunzi asiyekuwa nacho asifanywe mgeni darasani. Mwalimu atumie onyesho la kwanza la tamthilia teule, mchezo wa redio, au ngano inayojulikana katika eneo lake.

(a) Wanafunzi wasome au wasikilize mwanzo wa kazi, kisha kila mmoja aandike hukumu moja juu ya mhusika mmoja.

(b) Chini ya hukumu hiyo wajibu maswali matatu: Nimeona au nimesikia nini? Ni nani aliyeniambia? Ni jambo gani bado sijaambiwa?

(c) Karatasi ziwekwe. Kazi isomwe hadi katikati, kisha hadi mwisho.

(d) Kila mwanafunzi arudishiwe karatasi yake aandike kama hukumu imesimama, imebadilika au imeanguka, akitaja tukio lililosababisha hivyo.

(e) Darasa lijadili taharuki ya kazi hiyo: ni ya nani, ya vipi, au ya haki? Kwa nini mwandishi alichagua hiyo?

Hatua ya (d) isitumiwe kumwaibisha aliyehukumu vibaya. Pengine mwandishi alikusudia tukosee, na aliyekosea ndiye aliyeisoma kazi kama ilivyotakiwa isomwe mara ya kwanza.

Hitimisho

Itikio la mtazamaji kwa kipindi cha kwanza ni mali ghafi ya uhakiki. Lina hisia, lina upeo wa matarajio, na ndani yake mna maswali ya usawiri, msuko, uhalisia na taharuki. Kinachokosekana ni subira na ushahidi, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mwalimu wa fasihi anaweza kuvitoa. Mwanafunzi akija darasani akisema amemjua muuaji, aulizwe amejuaje, na apewe nafasi ya kujibu hadi mwisho.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya taharuki ya nani, ya vipi na ya haki, ukitolea mifano kutoka kazi mbili ulizosoma.

2. "Anwani ya kazi ya fasihi ni shahidi wa kwanza." Jadili kauli hii kwa kurejelea tamthilia yoyote teule.

3. Chagua mhusika mmoja ambaye maoni yako juu yake yalibadilika baina ya mwanzo na mwisho wa kazi. Fafanua matukio matatu yaliyoyabadilisha.

4. Kwa kurejelea ngano moja ya jamii yako, onyesha namna kosa linavyoanzishwa na adhabu inavyotolewa.